Tupinge mgao wa ardhi, tusiwapinge watu

Funzo la vikundi: jinsi ya kutetea msitu na ardhi ya kijani bila kuvunja amani



Mara nyingi ugomvi wa ardhi huanza kimya kimya. Siku moja watu wanaona vigingi vimepigwa kando ya msitu, au mawe yamepakwa rangi karibu na chemchemi. Wanauliza, hakuna anayejibu. Baada ya majuma machache anafika mtu mwenye karatasi na mhuri, akisema kwamba mahali hapo pamekatwa viwanja vya nyumba. Kufikia hapo kijiji kimekwisha kugawanyika. Wengine wamelipa pesa zao, wengine wameshika mapanga, na wale waliokimbia vita, ambao hawana hata pa kulaza watoto, wanatazamwa kana kwamba ndio walioleta shida hiyo.

Funzo hili ni kwa ajili ya kamati za wakimbizi wa ndani, familia zinazowapokea, wazee wa mitaa, machefu, viongozi wa akina mama na wa vijana. Lisomwe kwa sauti katika kikundi, kisha lijadiliwe. Likiwa refu kwa siku moja, ligawanywe mara mbili.

Kusudi la funzo

Mwisho wa funzo hili, kikundi kiweze:
- kueleza kwa nini ardhi nyingine haifai kujengwa nyumba;
- kutofautisha mtu aliyegawa ardhi, mtu aliyeinunua ili apate faida, na mtu aliyekimbilia pale kwa kukosa mahali;
- kupanga hatua za kupinga mgao mbaya bila matusi, bila ukabila na bila damu.

1. Ardhi ya kijani ni ardhi gani?

Nchini Uingereza, miji mikubwa ilipokuwa inapanuka na kumeza mashamba, watu walidai mji uzungukwe na mkanda wa kijani, yaani mashamba, misitu na nyasi ambamo ujenzi unazuiwa. Sheria ya mwaka 1938 ilihusu London na wilaya zinazoizunguka. Mwaka 1955 serikali ikahimiza miji mingine kufanya vivyo hivyo. Hadi leo kampuni inapotaka kujenga katika mkanda huo, wakaaji wa jirani huandika barua, hufika kwenye mikutano ya halmashauri na kupinga. Lakini hata huko kuna swali ambalo halikwepeki. Vijana wasio na nyumba huwauliza wale wanaopinga: “Ninyi mna nyumba tayari. Sisi tukae wapi?” Tulishike swali hilo, maana tutalirudia.

Kwetu Kongo ardhi ya namna hiyo inajulikana kwa kazi yake. Ni msitu unaoshika udongo wa mlima, bonde la maji linalopokea mvua, ukingo wa mto, chemchemi, na hifadhi ya wanyama. Kuilinda si anasa ya watu walioshiba. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mito, na maji yakashuka na matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mvua hatuwezi kuizuia. Tunachoweza ni kuacha miti kwenye miteremko na kuacha kujenga mahali ambapo mto una desturi ya kupita.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira salama, na tena ana wajibu wa kuyatetea. Basi anayeuliza juu ya vigingi vya msituni si mchochezi. Anatimiza wajibu wake wa raia.

2. Mfano wa Karura: subira iliyozaa matunda

Karura ni msitu wa hekta 1,000 hivi, upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi, nchini Kenya. Ulitangazwa kuwa msitu wa kulindwa mwaka 1932. Ndani yake hupita mito midogo inayoelekea Mto Nairobi, na miti yake ni kama mapafu ya mji.

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa kampuni za watu binafsi ili zijenge nyumba za kifahari. Miti ilikuwa imeanza kukatwa. Wangari Maathai, aliyeanzisha chama cha Green Belt Movement mwaka 1977 pamoja na akina mama wa vijijini waliopanda miti, alianza kwa kalamu. Yeye na wenzake waliandikia serikali na magazeti, wakiuliza nani aligawa msitu wa umma na kwa ruhusa gani. Kisha wakaingia msituni wakiwa na miche mikononi ili kupanda pale palipokatwa.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa Oktoba 1998 mitambo ya ujenzi ilichomwa moto humo msituni. Tendo kama hilo huwapa wakubwa sababu ya kusema, “Hawa ni wahalifu,” na swali la nani aligawa ardhi likasahauliwa. Kikundi chochote kinachojifunza Karura kijue kwamba moto ule haukuwa nguvu ya harakati ile.

Tarehe 8 Januari 1999 Maathai, wabunge kadhaa, waandishi wa habari na watu wengine walikwenda kwenye lango la msitu ili kupanda mti. Walivamiwa na kundi kubwa la wanaume wenye marungu na mijeledi. Maathai alipigwa kichwani akatoka damu, na wengine wakajeruhiwa pamoja naye. Hakurudi na kundi la kulipiza kisasi. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha mashtaka. Picha zilizopigwa siku hiyo zilionekana Kenya nzima na ng'ambo, na kila aliyeziona alitambua nani alikuja na mche na nani alikuja na rungu.

Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya Karura, wakapambana na polisi barabarani. Miezi ilipita. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umepigwa marufuku. Nyumba zile za Karura hazikujengwa. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wengine walishangaa: miti na amani vinahusiana vipi? Mtu aliyeona jirani akimuua jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba hashangai.

Kazi haikuishia kwenye tangazo la Rais. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliruhusu wakaaji wa jirani kuunda vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Karura ikapata chama chake, ukuta wa waya ukajengwa kuuzunguka msitu, na tangu mwaka 2011 familia zinaingia kutembea mahali ambapo zamani watu waliogopa majambazi. Msitu wenye watu wanaoupenda na kuutembelea ni mgumu kuibwa.

3. Mfano wa Mabira: madai ya haki yaliyotiwa sumu

Sasa tuvuke mpaka mpaka Uganda. Hapa si nyumba zilizotakiwa kuingia msituni, bali mashamba ya miwa, lakini ugomvi ni wa aina ile ile: ardhi ya umma inayolindwa kupewa kampuni. Mwaka 2007 serikali ilikuwa na mpango wa kutoa hekta 7,000 hivi za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, kwa kampuni ya sukari. Watu wengi walipinga, na sababu zao zilikuwa nzuri.

Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano yalifanyika Kampala. Kwa kuwa wenye kampuni walikuwa na asili ya Asia, hasira ya baadhi ya waandamanaji iliacha swali la msitu ikageukia rangi ya watu. Mtu mmoja wa asili ya India, ambaye hakuwa na neno lolote na mpango ule, alipigwa kwa mawe mpaka akafa. Kwa jumla watu wasiopungua watatu walikufa siku hiyo.

Baadaye mwaka huo serikali iliuweka mpango kando, kisha mwaka 2011 ukazungumzwa tena. Tunaona basi kwamba mauaji hayakuulinda msitu. Yaliacha wajane na hofu, na jina la Mabira likachanganywa na damu ya mtu asiye na hatia.

Tuweke mifano hii miwili pamoja. Nairobi, kule walikofanya vizuri, watu waliuliza: “Nani aliandika karatasi hii?” Kampala, kule walikopotea, watu waliuliza: “Huyu ni wa kabila gani?” Swali la kwanza humfikia mwenye kosa. Swali la pili humwangukia yeyote aliye karibu.

4. Jambo hili linawahusu vipi waliokimbia vita?

Kati ya mwaka 1994 na 1996, wakimbizi laki kadhaa kutoka Rwanda waliwekwa katika kambi karibu na Goma, kandokando ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kila siku maelfu waliingia msituni kutafuta kuni, na sehemu kubwa ya miti iliangamia. Lawama zote ziliwaangukia wenye kubeba kuni. Ni wachache waliouliza nani alichagua kuweka watu wengi hivyo pembeni ya hifadhi, na nani alisahau kwamba maharagwe hayaivi bila moto.

Tangu wakati ule, vita vimewahamisha Wakongo wenyewe mara nyingi, na mambo yale yale hurudi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: mkimbizi anauziwa kiwanja kisichouzika. Mtu anamwonyesha ukingo wa mto au pembe ya msitu, anapokea akiba yake ya mwisho, anamwandikia karatasi. Siku serikali inapokuja kubomoa, muuzaji haonekani. Aliyelia mara ya kwanza kwa sababu ya vita analia mara ya pili kwa sababu ya udanganyifu.

Njia ya pili: mkimbizi anatumiwa kama ngao. Mtu mkubwa akitaka ardhi ya kulindwa, huwatanguliza maskini. Wakishakata miti na kujenga vibanda, atasema msitu umekwisha kuharibika, basi heri ugawanywe rasmi. Vibanda vitaondolewa, nyumba za ghorofa zitaingia.

Kwa hiyo tuwatofautishe watu watatu. Yuko aliyegawa, ambaye alitia sahihi akijua hana haki. Huyo aulizwe mbele ya sheria. Yuko aliyenunua ili apate faida. Huyo aambiwe wazi kwamba ununuzi wake hauna msingi, adai pesa zake kwa aliyemuuzia. Na yuko aliyekimbilia pale kwa sababu hana pengine. Huyo asifukuzwe kama mwizi. Atafutiwe mahali kwanza. Mwenye tingatinga na mwenye sufuria hawana kosa la namna moja.

5. Hatua sita za kupinga kwa amani

*Hatua ya kwanza: tafuteni ukweli.* Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni tarehe mlipoona vigingi, idadi yake na mahali pake. Choreni ramani rahisi: mto, barabara, shule, mpaka wa msitu. Waulizeni wazee mahali hapo paliitwaje na palitumikaje. Kisha nendeni ofisi ya ardhi na ofisi ya mazingira kuuliza mahali hapo pameandikwa kuwa nini. Msiseme “tumesikia” mahali mnapoweza kusema “tumeona”.

*Hatua ya pili: sikilizeni kabla ya kushtaki.* Waiteni pia wale waliokwisha kununua. Wengi wao watakuwa na hofu kuliko ubaya. Wakionyesha karatasi zao, mtajua nani anauza, na walionunua watakuwa mashahidi badala ya maadui.

*Hatua ya tatu: andikeni barua.* Iwe fupi, ya heshima, na yenye maswali yanayodai jibu. Mfano:

“Mheshimiwa, sisi wakaaji wa ......, wenyeji pamoja na wakimbizi wa ndani, tunakujulisha kwamba tarehe ...... tuliona vigingi ...... vimepigwa mahali paitwapo ....... Mahali hapo ni chanzo cha maji yetu. Tunaomba kujua: mahali hapo pameandikwa kuwa nini? Nani aliruhusu pagawanywe, na kwa karatasi gani? Wakaaji waliulizwa lini? Tunaomba kazi isimame mpaka majibu yapatikane. Hatuna ugomvi na mtu wala kabila lolote. Tuko tayari kukaa pamoja nawe kutafuta mahali pengine pa kujenga.”

Sahihi ziwe nyingi, za wanaume na wanawake, za wenyeji na za wageni, ili hatari isimwangukie mtu mmoja. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Pelekeni nakala nyingine kwa mwami au chefu, kwa shirika la haki za binadamu, na kwa redio ya mahali penu.

*Hatua ya nne: mkikusanyika, mkusanyike kwa utaratibu.* Kifungu cha 26 cha Katiba kinatambua uhuru wa kuandamana, na kinadai wenye mamlaka wajulishwe kwanza kwa maandishi. Chagueni watu wa kutunza utulivu. Pasiwe na panga, jiwe wala pombe. Kubalianeni mapema maneno ambayo hayatatamkwa, kwanza kabisa majina ya makabila. Anayeanza kutukana aondolewe kwa upole na wa kwao mwenyewe. Na mahali penye mapigano, au ambapo mikutano imekatazwa, msiwaite watu barabarani. Barua na ujumbe wa wazee wachache vinatosha. Hakuna mti unaostahili kununuliwa kwa maisha ya mtoto.

*Hatua ya tano: jibuni swali la “tukae wapi?”* Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi. Kikundi kinachosema tu “msijenge hapa” kitaonekana kuwa adui wa wasio na nyumba. Tembeeni, tafuteni ardhi iliyo wazi isiyo na hatari. Zungumzeni na wenye mashamba juu ya kukodisha kwa mapatano yaliyoandikwa. Ombeni msaada wa majiko yanayotumia kuni chache na miche ya miti inayokua haraka. Wakumbusheni viongozi kwamba Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unazitaka serikali kuwahakikishia wakimbizi wa ndani mahitaji yao, makazi yakiwemo.

*Hatua ya sita: lindeni mlichokiokoa.* Mpango uliosimamishwa unaweza kuamka. Undeni kamati ndogo ya kutembelea mahali hapo kila mwezi. Pandeni miti ya mpaka pamoja, mwenyeji na mkimbizi katika shimo moja. Watoto wa shule waitunze.

6. Zoezi la kikundi

Tuseme kuna kijiji kimoja chenye chemchemi chini ya msitu mdogo. Familia sitini zilizokimbia vita zimepokelewa humo. Mtu wa mjini anakuja kwa chefu, anasema amepewa msitu ule ajenge nyumba za kupangisha, na kwamba familia kumi za wakimbizi zitapata vyumba bila malipo. Vijana wa wenyeji wanasema watachoma vigingi usiku. Mama mmoja mkimbizi anasimama katika mkutano:

“Mzee chefu, nisamehe kwa kusema mbele ya wakubwa. Sisi tunahitaji nyumba kuliko wote hapa. Lakini maji tunayokunywa na watoto wenu yanatoka chini ya miti ile. Tukipewa chumba leo, kesho tutakunywa nini? Na ninyi wanangu vijana, mkichoma, polisi watakuja kwanza kwenye mahema yetu.”

Gawanyikeni katika vikundi vinne: chefu na wazee wake, vijana, wakimbizi, na mtu wa mjini. Kila kikundi kijiandae kwa dakika kumi, kisha fanyeni mkutano. Baadaye badilishaneni nafasi. Kijana akae mahali pa mkimbizi, na mkimbizi akae mahali pa chefu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mahali petu, ni ardhi gani inayotulinda bila sisi kufahamu? Ikijengwa, nani ataumia kwanza?
2. Tunapogombania ardhi, tunauliza “nani aliandika karatasi?” au “huyu ni wa kabila gani?” Toeni mfano bila kutaja majina.
3. Kwa nini mche wa mti ulikuwa na nguvu kuliko moto kule Karura?
4. Kama ndugu yetu mwenyewe ndiye aliyeuza, tutasema naye namna gani?
5. Tukipinga nyumba mahali fulani, tunapendekeza watu wakae wapi?

Kwa kumaliza

Kabla ya kuachana, kila kikundi kichague mahali pamoja panapohitaji kulindwa, na mtu mmoja mwenyeji pamoja na mmoja mkimbizi watakaokwenda kuliangalia juma hili. Wabebe daftari. Wakirudi, wasome walichokiona mbele ya wote. Barua ya kwanza ianzie hapo.